Swali Nililoshindwa Kumwuliza Baba

Nilikuwa na miaka 17 nilipofanya tafsiri mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Haikuwa ya mtihani wala ya darasani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati, baba yangu kulia kwangu na tabibu mbele yetu. Baba anazungumza Kibembe na Kiswahili cha Fizi. Tabibu alizungumza Kichewa na Kiingereza. Mimi, niliyesomea hapa Malawi tangu shule ya msingi, nilikuwa mkalimani wao.

Tabibu aliuliza: "Amakodza kangati usiku?" Maana yake, huwa anakojoa mara ngapi usiku?

Nilimgeukia baba. Sikuweza kumtazama usoni, nikatazama kandambili zake. Kwetu binti hamwulizi baba yake habari za mkojo. Yupo mama, yupo shangazi, wapo kaka. Binti si mtu wa swali hilo. Basi nikauliza swali langu mwenyewe.

"Baba, usiku unalala vizuri?"

"Nalala muzuri, mama," akajibu. Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Nikamwambia tabibu kwamba usiku hana shida. Tabibu akaandika, akatupa vidonge vya maumivu, tukarudi nyumbani. Ilipita miezi saba kabla mtu mwingine hajamwuliza baba swali lile tena. Nimeandika insha hii kwa sababu ya miezi saba hiyo.

Tulifika Dzaleka mwaka 2013, tukitokea Fizi katika Kivu Kusini, kwa kupitia Kigoma, Mbeya na Karonga. Dzaleka ipo wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo tumezidi 50,000: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na wengine. Nyumba zimebanana. Ukikohoa, jirani anakwambia pole kabla hujamaliza.

Choo chetu tulikuwa tunakitumia nyumba nne. Kilikuwa cha matofali mabichi, na gunia badala ya mlango. Katika maisha ya namna hiyo jirani huijua afya yako kabla ya daktari. Watu walijua ni mtoto gani anaharisha, ni nani ana minyoo, ni mke wa nani ana mimba changa kwa sababu alikuwa akipita kila saa. Walijua, lakini hawakusema mbele ya mwenyewe. Walisema pembeni, kisimani, wakisubiri zamu ya maji.

Na walijua habari za baba. Baba ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi tulikuwa tunamsikia akitoka mara moja usiku, kisha akilala hadi asubuhi. Mwaka 2021 akaanza kutoka mara tatu, mara nne, mara tano. Jirani mmoja alimtania mama: "Mzee wenu siku hizi hatulazi. Kandambili zake zinapiga pa, pa, pa usiku kucha." Mama akacheka, lakini usiku ule nilimsikia akihesabu.

Dalili nyingine zilikuwa mbele ya macho yetu. Baba alikuwa akimaliza peke yake dumu la maji la lita tano. Alikonda. Alikuwa akijipunguzia suruali kiunoni kwa cherehani yake mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, akawa anamwita mdogo wangu amtungie. Mama alipoona nguvu zinampungua alimwongezea sukari kwenye uji. Kisimani wengine walinong'ona kwamba ni ukimwi. Wengine walisema kuna mtu Fizi anamroga kwa ajili ya shamba tulilolikimbia. Ndiyo maana tulikwenda zahanati mara ile ya kwanza, na ndipo mimi nikauliza habari za usingizi.

Baada ya hapo baba aliacha kutoka usiku. Tulidhani amepona. Kumbe alikuwa amepata kopo, analiweka chini ya kitanda, na alfajiri analimwaga nyuma ya nyumba kabla hatujaamka. Alianza kufanya hivyo baada ya kujikwaa gizani akienda chooni na kuumia mguu wa kushoto. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini hakikukauka.

Aliyeivunja siri ni mdogo wangu, akiwa na miaka saba. Asubuhi moja aliingia ndani akiita: "Njooni muone! Sisimizi wamejaa mahali baba anapomwaga!" Mama alimkemea anyamaze. Lakini bibi mmoja Mrundi, jirani yetu, alikuwa amekaa kizingitini kwake na alikwisha kusikia. Alikuja akiwa na fimbo yake, akainama, akatazama wale sisimizi. Kisha akamwambia mama: "Mwanangu, mkojo unaopendwa na sisimizi una sukari. Dada yangu alikufa na ugonjwa huu. Mpelekeni huyu mzee leo, msingoje kesho."

Tulimpeleka siku hiyo hiyo. Safari hii tabibu hakuanza na maswali. Alimpa baba kikopo, akachovya ndani yake kijiti cha kupimia, na rangi ikageuka kuwa kahawia. Akamchoma kidole. Mashine ikaandika 468. Mtu akikutwa na sukari ya miligramu 126 kwa desilita ya damu au zaidi kabla ya kula, na kipimo kikarudiwa kikasema vile vile, anahesabiwa kuwa na kisukari. Baba alikuwa na zaidi ya mara tatu ya hiyo. Jioni tukawa njiani kwenda hospitali kubwa Lilongwe. Nakumbuka tulipopita Kanengo, kwenye maghala ya tumbaku, baba aliomba gari lisimame ajisaidie. Dereva alisimama. Hakuna aliyecheka.

Baba alilazwa majuma matatu. Sukari ilishuka kwa sindano za insulini, lakini mguu ulikuwa umeoza. Walikata vidole viwili vya mguu wa kushoto, mguu anaokanyagia cherehani.

Nilikuwa mkalimani tena wodini. Daktari aliuliza anakojoa mara ngapi, nikauliza anakojoa mara ngapi. Aliuliza kama mkojo unatoka kwa nguvu au kwa kudondoka, nikauliza. Aliuliza kuhusu choo kikubwa, nikauliza. Aliuliza na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa, nayo nikayauliza, neno kwa neno, nikimtazama baba usoni. Alijibu yote.

Usiku mmoja nilimwomba msamaha. Nilimweleza kwamba kule zahanati tabibu aliuliza habari za mkojo, na mimi nikabadilisha swali. Baba alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Nilisikia, mama. Wao wanasema kukodza, sisi tunasema kukojoa. Sikuwa na haja ya mkalimani kwa neno lile. Uliponiuliza habari za usingizi, nilishukuru."

Nilikaa na jibu hilo muda mrefu. Nilikuwa nimebeba kosa peke yangu, kumbe tulilibeba wawili. Mimi nilimfichia yeye na yeye alinifichia mimi, kila mmoja kwa heshima. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Tulizifahamu methali zote mbili. Tulizifanyia hata mazoezi shuleni. Lakini methali ya kukamilisha kwenye daftari ni jambo moja, na kumwuliza mzazi wako habari za choo ni jambo jingine.

Tangu wakati ule nimesoma na kuuliza sana. Mimi si daktari, ila baadhi ya niliyojifunza ningependa wenzangu wayajue.

Kwanza, sababu ya sisimizi. Figo huchuja damu na kuirudisha sukari mwilini, lakini uwezo wao una kikomo. Sukari ikipita miligramu 180 hivi kwa desilita, figo hushindwa kuirudisha yote, na inayobaki hutoka na mkojo. Sukari hiyo huvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mgonjwa anakojoa sana. Kwa kuwa anakojoa sana, anapata kiu. Na kwa kuwa mwili hauwezi kuitumia sukari yake, anakonda huku anakula. Bibi wa Kirundi hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Waganga wa India ya kale waliona sisimizi na nzi wakiufuata mkojo wa wagonjwa, wakauita ugonjwa huo mkojo wa asali. Mwaka 1776 daktari wa Liverpool, Matthew Dobson, alieleza jinsi alivyoukausha mkojo wa mgonjwa wake akabaki na kitu cheupe chenye ladha ya sukari. Kwa hiyo kijiti kilichogeuka kahawia mbele ya baba kina historia ndefu, na mwanzo wake ni wadudu walioonwa na watu wasioona haya kutazama chini.

Pili, kuamka usiku. Kuamka mara moja ni kawaida kwa wengi, hasa ukinywa chai jioni. Lakini mtu aliyekuwa haamki akianza kuamka mara mbili, tatu, nne kila usiku, kuna sababu. Kwa mwanamume mzee inaweza kuwa tezi dume, hasa kama mkojo unachelewa kuanza au unakatikakatika. Inaweza kuwa sukari. Inaweza kuwa maambukizi. La kutazama ni mabadiliko: yule aliyekuwa hivi, sasa yuko vile.

Tatu, rangi. Mkojo wa manjano hafifu ni wa mtu anayekunywa maji ya kutosha. Ukiwa wa manjano iliyokolea, mara nyingi mwili unadai maji. Anayetumia dawa za kifua kikuu asishtuke akiona rangi ya chungwa, kwa sababu rifampisini hufanya hivyo. Lakini mkojo wenye damu usiupuuze hata kama hauumi. Hapa Malawi watoto wengi wanaooga mabwawani na ziwani hupata kichocho, ambacho kwa Kichewa huitwa likodzo, na wapo wanaoona damu kwenye mkojo wakadhani ni sehemu ya kukua. Siyo. Dawa ipo, ni prazikwanteli.

Nne, haja kubwa. Hapa ndipo aibu yetu inapokuwa kubwa kuliko zote. Hakuna sheria kwamba kila mtu aende kila siku. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, madaktari huona ni kawaida, mradi hiyo ndiyo desturi ya mwili wako. Lakini choo cheusi kinachonata kama lami kinaweza kuwa dalili ya damu inayovuja tumboni, ingawa mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma naye huona weusi bila hatari. Choo cheupe kama chokaa ni habari za ini au nyongo. Damu nyekundu inaweza kuwa bawasiri tu, na inaweza kuwa jambo kubwa zaidi. Anayejua ni aliyepima.

Yupo mtu mmoja ambaye habari zake zilinifurahisha. Daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Ireland alifanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, sehemu kubwa Kampala. Anajulikana kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Lakini baadaye aligeukia kinyesi. Yeye na wenzake walipima uzito wake na muda ambao chakula hukaa tumboni, wakalinganisha watu wa vijijini Afrika na watu wa Uingereza. Waliona kwamba mwanakijiji wa Uganda, mwenye kula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, alipata choo kizito mara kadhaa kuliko Mwingereza, na kwa haraka zaidi. Matokeo hayo waliyachapisha mwaka 1972, na Burkitt alizunguka dunia akihubiri nyuzinyuzi. Kama daktari maarufu hakuona haya kukipima, mimi niliyeona haya kutaja mkojo nilikuwa najilinda na nini?

Malawi yenyewe imefundishwa somo hili kwa uchungu. Kipindupindu kilichoanza Machi 2022 kilipata watu zaidi ya 58,000 na kuua zaidi ya 1,700, mlipuko mbaya kuliko wote katika historia ya nchi hii. Wakati ule vipaza sauti vilipita Dzaleka vikisema waziwazi, kwa Kichewa, kwa Kiswahili na kwa Kirundi: ukiharisha choo cha majimaji kama maji ya mchele, usikae nyumbani, kunywa maji ya chumvi na sukari, nenda kituoni sasa hivi. Wazee walisikia mbele ya wakwe zao. Hakuna aliyekufa kwa aibu ya kusikia. Waliokufa ni wengi waliochelewa.

Sasa nasoma Lilongwe, na naona jambo lile lile bwenini, kati yetu tunaojiita wasomi. Vyoo vya bweni ni vichafu, kwa hiyo wasichana hawanywi maji mchana ili wasiende. Wanabana mkojo tangu kipindi cha kwanza hadi jioni. Mwenzangu mmoja chumbani alikuwa akienda chooni kila nusu saa, akirudi amekunja uso. Alisema ni baridi. Nilipomwuliza moja kwa moja kama anasikia moto akikojoa, alinitazama kama nimemtukana, kisha akaanza kulia. Alikuwa na maumivu hayo wiki nzima, na alikuwa amemeza vidonge nusu alivyopewa na rafiki. Nilimsindikiza kupima. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, yakatibiwa kwa siku chache. Kama angengoja, yangeweza kupanda hadi kwenye figo.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sehemu yetu katika jambo hili. Lugha yetu ni tajiri wa tafsida. Tunasema haja ndogo na haja kubwa, kujisaidia, kwenda msalani, maliwato, kwenda nje. Darasani tunafundishwa kwamba tafsida ni adabu ya lugha, na ni kweli. Mimi mwenyewe nimezitumia humu, na baba yangu akiisoma insha hii nataka asione kwamba nimemvua nguo. Lakini tafsida nzuri huficha neno tu, haifichi jambo. Ningemwuliza baba, "Usiku unakwenda haja ndogo mara ngapi?" ningekuwa nimetunza adabu yake na vidole vyake pia. Neno la heshima lilikuwepo siku zote. Nililokosea si kulainisha swali. Nililiondoa swali lenyewe nikaweka lingine.

Dzaleka imejaa wakalimani wa namna yangu. Ni watoto wa miaka 10, 12, 15, wanaosimama kati ya wazazi na tabibu kwa sababu wao ndio waliojifunza Kichewa shuleni. Hakuna aliyewafundisha kazi hiyo. Hakuna aliyewaambia kwamba mkalimani hana ruhusa ya kuona haya kwa niaba ya mgonjwa. Nikimaliza masomo yangu ningependa kuwafundisha hilo tu, kabla ya sarufi.

Baba yupo. Anameza metfomini asubuhi na jioni, na mama ameondoa sukari kwenye uji. Amejifunza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kulia, na amerudia kushona sare za shule. Suruali zake amezifumua tena kiunoni. Nikirudi Dzaleka mwishoni mwa wiki, asubuhi namsalimu mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeamka muzuri?"

"Nzuri. Na usiku, mara ngapi?"

"Mara moja tu," anajibu, na jirani anayepita na ndoo anasikia, na hakuna anayeona haya.